Stika na tisheti za "Goma kwenda tu" zinauzwa Mwanjelwa, na wenye misiba ya jeshi wanaziona. Tuongee

FundiPrinti_Kabwe (mleta uzi)

Wakuu salaam, wazee wangu shikamooni. Nina kaofisi ka kuprinti hapa Mbeya, tisheti, vikombe, stika za bajaji, kadi za harusi, vitu hivyo mnavyovijua, kwa hiyo ninachoandika nakiona kwa macho yangu sio habari za kuambiwa. Kuna mzigo umeingia mjini umenikaa vibaya sana na naona watu wanapita nao wanacheka, wakati kuna nyumba hapahapa Mbeya, Mbalizi, Tukuyu mpaka Mafinga huko ambazo hazina cha kucheka.

Ni hivi. Kuna tisheti nyeusi, mbele imechorwa basi la mkoani, pembeni ya basi imeandikwa GOMA, chini yake "nauli ya kwenda tu, kurudi hakuna". Hiyo hiyo imetolewa stika, bajaji kibao zinayo. Alafu kuna kiholda cha funguo, hiki ndo kimenimaliza kabisa, ni ganda la risasi la kuigiza limefungwa na kajeneza kadogo ka plastiki, hakazidi kidole, na juu ya kajeneza imepakwa bendera. Bendera yetu, ile kijani, njano, nyeusi na bluu. Mtu ananing'iniza funguo za pikipiki hapo.

Kwa wasiofuatilia nikumbushe kidogo hii Goma tunayoichekea ni ipi. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 wanaingia Goma na Sake, mashariki mwa Kongo, vijana wetu walikuwepo kule chini ya jeshi la SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, JWTZ wakatangaza 2 wamefariki na 4 wamejeruhiwa. Kabla ya hapo Aprili 2024 kombora liliangukia karibu na kambi yao, wakafa 3. Na kabla ya hapo tena, Desemba 7, 2017, kambi ya Semuliki kule Kivu Kaskazini, waasi wa ADF waliwashambulia vijana wetu wa Umoja wa Mataifa usiku, wakatangazwa 14 kwa mkupuo, Katibu Mkuu wa UN Guterres mwenyewe akasema ni shambulio baya kuliko yote kwa walinda amani katika historia ya karibuni. Sitaji Darfur 2013 ambako walikufa 7. Hao wote wana mama, wana wake, wana watoto wanaosoma shule hizi hizi na watoto wetu.

Sa kuna mama mmoja wa Uyole, sitamtaja, mwanae ni mmoja wa waliokwenda Kongo wakarudi kwenye jeneza. Juzi kapanda bajaji Uyole anakuja Mwanjelwa, stika ipo nyuma ya siti ya dereva, yaani ipo usoni kwake. Mwanzo hakuielewa, akaisoma tena. Abiria mwenzake akaisoma kwa sauti wakacheka na dereva. Yule mama akagonga akashuka kituo cha Mama John, kalipa nauli nzima, akamalizia kwa miguu na kikapu chake. Hajagombana na mtu wala hajasema lolote. Alifika kwangu anachukua oda ya kadi za kipaimara za mjukuu ndo akaniuliza, "Baba, hizi nazo mnaprinti nyie?"

Nilimwambia ukweli kwamba kazi ililetwa kwangu ya kwanza nikaikataa. Kijana alikuja na picha kwenye flashi anataka dazeni nne za kuanzia, nikamwambia hii siprinti, akaniuliza sheria gani inakataza, nikamwambia mi sijui sheria ila hii siprinti. Wiki haijaisha nikaiona Mwanjelwa imetundikwa. Na mnajua kuprinti siku hizi sio kazi ya ajabu, ukiwa na hitipresi na karatasi ya kuhamishia picha unalaza tisheti, unakandamiza moto sekunde kadhaa, unabandua, imeisha. Mtu anaweza kutoa mia moja kabla ya chakula cha mchana hajawahi kujiuliza nani atakutana nayo barabarani.

Ninachosema mimi ni kimoja. Kifo cha askari kabla hakijawa habari ya taifa au utani wa kijiweni ni msiba wa nyumba fulani, kwa hiyo anayetaka kukitia kwenye bidhaa aende kwanza kwenye ile nyumba akaombe. Akiona aibu kwenda kuomba basi ajue na kuuza ni aibu hiyo hiyo. Karibuni.

Mwana_wa_Soweto

Mkuu nakuheshimu lakini unaikuza. Sisi huku tunataniana mpaka msibani, watani wanakuja wanamvua marehemu kofia, wanamuigiza anavyotembea, wanalala kaburini wanadai hela ndo watoke, na wafiwa wanacheka. Leo stika ya bajaji ndo iwe dhambi? Vijana wanatafuta riziki.

FundiPrinti_Kabwe

Mdogo wangu hapo umegusa penyewe, ngoja nikujibu kwa kirefu maana nimeshalisikia hili kwa watu wengi.

Mtani wa msibani namjua nawe unamjua. Anakuja nyumbani, ameanza kwa kupiga magoti kumpa pole mfiwa, ndo baadae anaanza vituko. Yule yule anayemuigiza marehemu ndo utamkuta anachimba kaburi, anabeba maji, usiku analala nje kwenye majani na wengine na baridi la Mbeya mnalijua. Anamtania marehemu anayemjua kwa jina, anajua alikuwa anapenda nini, alikuwa mkali au mpole, na anamtania mbele ya mfiwa ili yule mfiwa ambaye hajala tangu jana apate kucheka kidogo ameze hata uji. Akizidisha wazee wanamwambia basi, anaacha. Na hela anayodai watu wanampa wakijua ni desturi, na kesho ukifiwa wewe au yeye mnabadilishana zamu.

Sa niambie huyu wa tisheti anamjua nani? Amempa pole nani? Akiambiwa basi na yule mama wa Uyole atamsikia wapi? Mi sioni utani pale, mi naona mtu asiyekuja msibani kabisa anauza picha ya jeneza getini.

Na riziki, mi pia natafuta riziki mdogo wangu, kodi ya fremu nalipa kama wao.

Kijana_wa_PS_Mafiati

Naongeza kitu maana nina kibanda cha gemu. Hii kesi imewahi kutokea kwenye magemu ya vita na ilikuwa kubwa. 2010 kampuni ya EA ilikuwa inatoa gemu linaitwa Medal of Honor, la vita vya Afghanistan, na wakati huo vita vyenyewe vinaendelea, watu wanakufa kweli. Kwenye kucheza mtandaoni wengine mnakuwa Wamarekani wengine mnakuwa Taliban, unapiga askari wa Marekani unapata pointi. Mama mmoja ambaye mwanae aliuawa Iraq 2004 akaenda kwenye televisheni kulalamika kwamba familia zinazika wiki hii, nyie mnauza mchezo. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza Liam Fox naye akasema maduka yasiliuze. Mwisho maduka ya GameStop yaliyoko ndani ya kambi za jeshi Marekani yakagoma kuliweka, na EA wakabadilisha lile jina Taliban ikawa "Opposing Force" yaani kikosi pinzani, gemu likatoka Oktoba 2010.

Ila mi nilichoona ni kwamba mchezo ulibaki uleule, nguo zilezile, bunduki zilezile, neno tu ndo limefutwa. Kingine ni gemu la vita vya Iraq, Six Days in Fallujah, hilo 2009 kampuni ya Konami walijitoa kulichapisha baada ya kelele, na kati ya waliopiga kelele ni baba wa askari wa Uingereza aliyeuawa Iraq. Likalala miaka mingi, 2023 likaanza kuuzwa kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo ukimzuia mmoja leo kesho anatokea mwingine, na sio kwamba naunga mkono, nasema tujue tunapambana na kitu gani.

WakiliKijiweni

Wakuu, upande wa sheria kidogo ili tusibishane hewani.

Sheria yetu inalinda sare. Mnakumbuka Agosti 2023 JWTZ walitoa siku 7 raia wote wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe, na wenye maduka waliambiwa hivyo hivyo. Hiyo inatoka kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taifa Sura 192 na Kanuni ya Adhabu. Tisheti nyeusi yenye basi sio sare, huwezi kumkamata mtu kwa hiyo. Kile kijeneza chenye bendera ndo kina shida, kuna Sheria ya Nembo za Taifa ya 1971, bendera sio ya kutia kwenye biashara yako bila kibali. Nikiwa mimi huyo muuzaji ningekiondoa mezani leo.

Sasa kesi ya kufundishia. Marekani wakati wa vita vya Iraq kulikuwa na jamaa wa Flagstaff, Arizona, anauza tisheti imeandikwa "Bush Lied, They Died", Bush alidanganya wao wakafa, na nyuma ya hayo maneno yamejazwa majina ya askari waliokufa Iraq, maelfu, kwa herufi ndogo ndogo. Wazazi wakakasirika mno, jina la mwanangu linauzwa na mimi sijaulizwa. Louisiana na Oklahoma wakatunga sheria 2006, Arizona wakafuata 2007 kwamba ni kosa kutumia jina la askari aliyefariki kibiashara bila ruhusa ya familia. Yule jamaa akaenda mahakama ya shirikisho, jaji akazuia Arizona wasimshitaki kwa sababu ile tisheti ni maoni ya kisiasa na maoni yanalindwa na katiba yao, haijalishi kwamba zinauzwa.

Kwa hiyo mleta uzi, hoja yako ya "aende akaombe ruhusa" kule ilishawekwa kwenye sheria na ikakwama.

FundiPrinti_Kabwe

Asante wakili, hili sikulijua. Lakini mi nakuelewa hivi, jaji alisema serikali isimfunge yule jamaa. Hakusema wale wazazi wamekosea kuumia, na hakusema lazima kila mwenye hitipresi akubali hiyo kazi. Mi sitaki mtu afungwe. Nataka sisi wenye mashine tuseme hapana, na dereva abandue stika.

Na tena yule wa Arizona angalau alikuwa na hoja, alikuwa anasema hawa wasingekufa kama vita visingeanzishwa, unaweza kumpinga lakini anaongea kitu. Kama kuna mtu ana hoja kwamba vijana wetu hawakutakiwa kwenda Kongo aiseme, aandike, SADC wenyewe Machi 2025 waliamua kuufunga ule mpango na kuanza kuwaondoa, kwa hiyo hata wakubwa wamelijadili. "Nauli ya kwenda tu" inasema nini zaidi ya kwamba fulani amekufa?

Kamwene_Kalenga

Kamwene wadau. Mi niko Iringa, huku stika sijaziona bado, tisheti nimemuona nayo kondakta mmoja stendi ya Ipogolo.

Nataka niseme kitu kuhusu vita na vitu vya ukumbusho maana sisi Wahehe hili tunalo ndani ya nyumba. Mtwa Mkwawa alipojiua 1898 ili asikamatwe, Wajerumani waliokuwa wametangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake walikikata kweli, na fuvu likaishia Ujerumani. Kwa mwanajeshi wa Kijerumani lile lilikuwa pambo la ushindi, kitu cha kuonyesha wageni. Mkataba wa Versailles 1919 ukaandika kwenye kifungu cha 246 kwamba lirudishwe, halikurudi. Lilirudi 1954, gavana Twining kalitoa kwenye makumbusho ya Bremen, ndo lipo hapa Kalenga. Miaka zaidi ya 50 wajukuu wanajua babu yao yupo kwenye kabati la mtu.

Naeleza hivi kwa sababu kuna mdau juu kasema "vijana wanatafuta riziki" kana kwamba muda ukipita familia inazoea. Haizoei. Njoo Kalenga uwaulize.

MamaJunior_Mafinga

Nimesoma wote, naomba na mimi niseme, mume wangu alikuwa mwanajeshi na alifia kwenye kazi nje ya nchi, sitasema wapi wala mwaka. Nina watoto.

Mi sina ugomvi na tisheti yenye sura ya marehemu. Arobaini ya mume wangu mashemeji walitoa tisheti nyeupe yenye picha yake amevaa sare, jina, tarehe, na mstari wa Zaburi, ukoo mzima tulivaa. Ninayo mpaka leo, ya kwake mtoto mkubwa anailalia. Kwa hiyo fundi usije ukaogopa kuprinti askari wote, zile zinatusaidia sana.

Na niwe mkweli, hiyo stika mi nisingeshuka kwenye bajaji. Ningekaa. Kila mfiwa ana pake panapouma. Mimi pangu ni maneno ya "huyu amekula hela za Kongo". Nikinunua bati wanasema hela za Kongo, nikimpeleka mtoto shule nzuri kidogo hela za Kongo, mpaka kwenye vikoba mtu kanitania mbele za watu kwamba mume wangu ana faida kuliko wa kwao walio hai. Wale nao ni watani? Kaka yangu uliyeeleza watani wa msibani umeniliza, maana mtani wetu halisi alikaa siku zote za matanga na mpaka sasa akipita Mafinga analeta mahindi.

Kajeneza kenye bendera sasa hapana. Hapo hapana kabisa. Ile bendera ilikunjwa nikapewa mkononi. Nilivyosoma hapo juu nimefunga simu nikaenda nje.

FundiPrinti_Kabwe

Dada yangu pole sana, na ahsante kwa kuandika. Hilo la hela za Kongo nalisikia hata huku, na naona ni mzizi mmoja na stika, watu wakishaona kifo cha mwanajeshi ni kama biashara basi wanajipa ruhusa ya kumtania mjane na kuuza jeneza.

Kwa tisheti za arobaini usiwe na wasi, hizo tunafanya na huwa natoa nafuu.

Ndaga_Tukuyu

Shikamoo dada wa Mafinga, pole mno.

Mi naomba niongeze kitu kimoja nilichokifuatilia kwenye habari, maana kinaonyesha hata ambaye hakukusudia anaweza kuumiza. Machi 2025 kule Urusi, mji wa Polyarnye Zori mkoa wa Murmansk, viongozi wa chama tawala cha United Russia walizungukia akina mama ambao watoto wao wamekufa vita vya Ukraine, ilikuwa Siku ya Wanawake Machi 8. Wakawapa maua na zawadi, na kati ya zawadi kulikuwa na mashine za kusagia nyama. Sasa Warusi wenyewe neno hilohilo la mashine ya kusagia nyama ndo wanaloita vita inayomaliza watu ovyo. Wakapiga na picha, akina mama wameshika boksi, wakaposti kwa furaha. Dunia nzima ikashtuka. Chama kikajitetea kwamba mashine haikuwa kwenye zawadi, mama mmoja aliiomba ndo akapewa.

Inawezekana kweli aliomba, jikoni inahitajika. Ila kati ya wote waliobeba boksi, waliopiga picha, walioandika maneno ya kuposti, hakuna hata mmoja aliyesimama akajiuliza itaonekanaje kwa mama wa pili na wa tatu. Na wale walienda kutoa pole! Sembuse huyu wa Mwanjelwa ambaye amekaa kabisa akabuni kajeneza.

Mwana_wa_Soweto

Nimewasoma. Dada wa Mafinga nakupa pole kwa moyo wote. Mi stika ninayo kwenye bajaji ya kaka, ntaibandua jioni akirudi. Ila swali langu linabaki kwa mleta uzi, jamaa ameshaweka mtaji wake pale, mzigo amebaki nao, unamwambia akautupe?

FundiPrinti_Kabwe

Swali la haki. Nimeshaongea nae, nilienda jana mwenyewe bila kelele, sikutaka kumfuata na watu. Sio mtu mbaya, ni kijana wa miaka ishirini na kitu, picha aliiokota kwenye grupu la WhatsApp akaona watu wanacheka akadhani ni hela. Nikamuonyesha alichoandika wakili kuhusu bendera, vile viholda akavitoa palepale akavitia kwenye mfuko. Kwa tisheti nimemwambia alete kwangu zilizobaki, zile herufi ni za plastiki ya kubandika, nina dawa ya kutolea, zinabanduka zikipashwa moto na tisheti inabaki nzima ila inabaki na kivuli kidogo, juu yake tunaweza kupiga mchoro mwingine mkubwa ukafunika. Simlipishi kazi, alete tu. Amesema atafikiria. Nilimuuliza pia kama yuko tayari twende wote Uyole kwa yule mama, hapo alikaa kimya, sijamlazimisha.

Stika ndo kazi kubwa maana zimeshasambaa. Mwenyekiti wa bajaji kijiwe cha Kabwe nimempigia, yeye mwenyewe ana mdogo wake yuko jeshini, amesema Jumamosi kwenye kikao chao analitaja. Vijiwe vya Uyole, Mbalizi na Sae sina namba za viongozi wao, mwenye nazo anitumie inbox. Ukitaka kubandua bila kuchana siti tumia kikausha nywele cha saluni au kitambaa cha maji ya moto, alafu gundi inayobaki futa na mafuta ya taa.

Wenye mashine wa Njombe, Makambako, Songea na Iringa, hii picha ikija kwenu kwa flashi msiipokee. Kamwene, yule kondakta wa Ipogolo ukikutana nae tena muulize kaipata wapi, kama kuna anayezitoa hukohuko nikamfuate.

Kamwene_Kalenga

Nimemuuliza leo asubuhi. Anasema kaletewa na dereva mwenzake kutoka Makambako, kwenye fremu karibu na stendi. Nina safari ya huko Alhamisi, ntapita.